Acheni Kuponya Kansa Ambayo Hakuna Aliyeipima

Wasee, hii posti itanipotezea wafuasi, na iwe hivyo.

Kila wiki kwenye simu yangu kuna video mpya. Jamaa amekaa kwenye kiti, nyuma yake chupa zimepangwa, pembeni yake kuna mama aliyejifunika shungi. Mama anasema alikuwa na uvimbe kwenye titi, akanywa mchanganyiko siku arobaini, uvimbe ukaisha. Halafu mwenye chupa anageukia kamera: "Kansa imepona." Chini yake komenti za mashallah hazihesabiki, na namba ya kutuma pesa iko hapo hapo.

Swali langu ni moja, na nimeliandika kwenye komenti za watu mpaka nikablokiwa: nani alisema ni kansa?

Siulizi dawa imetoka wapi. Siulizi umesoma nini. Nauliza, kuna kipande kilikatwa? Kiliwekwa kwenye fomalini? Kilipakwa rangi gani? Nani alikisoma? Ripoti iko wapi? Kama hakuna, basi hujaponya kansa. Umeponya neno.

Kwetu ni Buna, Wajir Kaskazini, kwenye njia ya kwenda Moyale. Hizi video zinafika huko kabla ya daktari. Mtoto wa kidato cha pili anamwekea ayeeyo simu sikioni, ayeeyo anasikia "kansa" na "imepona" kwenye sentensi moja, na siku ya soko mbuzi wawili wanauzwa. Kwa hivyo usiniambie ni kontenti tu.

Na najua kile kitakachoandikwa hapa chini: "Wewe si uliacha chuo? Sasa ni daktari?" Niliacha chuo, ndiyo. Sikuacha kusoma. Na hoja yangu haihitaji digrii, inahitaji tu ukae dakika kumi.

NENO TEZI

Tuanze na lugha, kwa sababu hapo ndipo wanatupata.

Tezi ni kiungo cha mwili kinachotengeneza kitu na kukitoa: maziwa, mate, jasho, homoni, majimaji ya uzazi. Lakini mtaani tezi imegeuka kuwa ugonjwa. "Mzee ana tezi dume." Buda, kila mwanaume ana tezi dume, hata wewe unayesoma hii kwenye matatu. Kusema mzee ana tezi dume ni kama kusema mzee ana ini. Swali ni hiyo tezi inafanya nini.

Inaweza kuwa imekua tu kwa sababu ya umri. Hiyo huwapata wanaume wengi sana wakizeeka, inabana njia ya mkojo, inamwamsha mtu mara tano usiku, na siyo kansa. Inaweza kuwa na maambukizi. Inaweza kuwa kansa. Na inaweza kuwa mbili kwa pamoja. Shida ya mkojo peke yake haitofautishi. Kile kipimo cha damu cha PSA nacho hupanda kwa zote tatu. Kinakuambia "angalia hapa", hakikuambii umeona nini.

Titi ni hivyo hivyo. Msichana wa miaka 18 au 22 akijipapasa akapata kidonge kinachoteleza chini ya kidole, mara nyingi ni fibroadenoma, uvimbe ambao siyo kansa na ndio wa kawaida zaidi kwa umri huo. Mwingine ni mfuko wa maji. Mwingine ni jipu la mama anayenyonyesha. Na mwingine ni kansa, hata kwa mtu wa miaka thelathini.

Shingoni ndiyo balaa. Goita, TB ya matezi, limfoma, kansa ya tezi ya koo, zote kwa nje ni bonge tu. Kwa Kisomali utasikia "buro", kwa Kiswahili "uvimbe", na mazungumzo yanaishia hapo.

Wengi wetu tunadhani daktari akiutazama uvimbe anajua. Ukweli ni kwamba hata mpasuaji mwenye uzoefu, uvimbe ukiwa mkononi mwake, mara nyingi hawezi kuapa. Jibu liko kwenye kipande chembamba kama kijiti cha kiberiti au kidogo zaidi, na kinachofanya jibu lionekane ni rangi.

BOMA NA UA WAKE

Nitaeleza kwa mfano wa huku kwetu.

Chukulia tezi kama boma la mbuzi. Ndani kuna mbuzi, yaani seli zinazotengeneza maziwa au majimaji. Nje kuna ua wa miiba, safu ya pili ya seli inayozunguka ile ya ndani. Kwenye tezi dume hizo za nje huitwa seli za msingi. Kwenye titi ni seli zenye tabia ya misuli, ndizo zinazokamua maziwa yatoke. Tezi yenye afya ina ua wake. Tezi yenye uvimbe usio kansa kwa kawaida pia ina ua wake. Kansa iliyovamia haina: mbuzi wametoka, wametawanyika kwenye nyama ya jirani, na hakuna miiba nyuma yao.

Shida ni kwamba ua huo hauonekani vizuri kila mara. Kipande kikifika maabara kwanza hupakwa rangi mbili za kawaida. Hematoksilini inafanya viini vya seli viwe zambarau, eosini inafanya sehemu nyingine ziwe waridi. Hizi rangi zimetumika zaidi ya miaka mia moja, na mpatholojia mzuri anamaliza kesi nyingi kwa hizo mbili tu.

Lakini kuna kesi za katikati. Kuna uvimbe wa titi ambapo vitezi vidogo vimebanwa na kovu mpaka vinafanana kabisa na kansa inayovamia, na siyo kansa. Kuna mzee ambaye sindano kumi na mbili zimechukuliwa kwenye tezi dume, kumi na moja ni safi, na kwenye moja kuna vitezi vitatu vya kutilia shaka. Ukikosea upande mmoja, mama anakatwa titi bure. Ukikosea upande wa pili, mzee anarudi Buna na kansa yake ameambiwa ni uzee.

Hapo ndipo alama za seli zinaingia. Kingamwili ni ile protini ambayo mwili hutengeneza ili ishike adui mmoja maalum na kumwacha jirani yake. Maabara inatumia kingamwili iliyotengenezwa ishike protini moja tu ya seli. Inawekwa juu ya nyama iliyokatwa nyembamba sana, kama mikroni 4, yaani sehemu nne kati ya elfu moja za milimita. Ikikuta protini yake, inashika. Isipoikuta, inaoshwa na kwenda. Kisha wanaongeza kimeng'enya na kemikali, na pale kingamwili iliposhika panageuka kahawia. Wazo lenyewe siyo la jana: Albert Coons na wenzake kule Marekani walionyesha kingamwili zinazong'aa mwaka 1941.

Sasa turudi kwa mzee wetu na vitezi vyake vitatu. Mpatholojia anaagiza p63, alama ya seli za ua. Vitezi vyote vya jirani vimezungukwa na nukta za kahawia, hivi vitatu havina hata nukta moja. Anaongeza AMACR, protini inayopanda kwenye kansa nyingi za tezi dume, na vile vitatu vinawaka. Anarudi kwenye ile slaidi ya zambarau na waridi, anaona viini vya seli vimekuwa vikubwa na vibaya. Mambo matatu yamekubaliana. Hiyo ni kansa, na sasa ina jina.

Kwenye titi p63 hiyo hiyo inaweza kuokoa mama: ua upo, kumbe ni tezi zilizobanwa na kovu, hakuna kukata titi. Na kama ni kansa kweli, alama nyingine zinasema ni kansa ya aina gani. Mapokezi ya homoni yakiwaka, kuna tamoksifeni, tembe ya miaka mingi na ya bei nafuu. Yasipowaka, hiyo tembe haitamsaidia, unampotezea wakati. HER2 ikiwaka kwa nguvu, kuna dawa yake maalum. Ki-67, iliyopewa jina la mji wa Kiel kule Ujerumani, inaonyesha ni seli ngapi ziko mbioni kugawanyika.

Uvimbe mmoja, kipande kimoja, na karibu kila uamuzi unaofuata unatoka hapo. Sasa niambie chupa yako inajua haya kwa njia gani.

RANGI NAYO INA MIPAKA

Kabla hamjanirukia: sisemi rangi haikosei. Anayekuambia kipimo chake hakikosei ni mganga mwenzake na yule wa chupa.

Kuna vitezi vya tezi dume visivyo na kansa ambavyo ua wake umekatika katika, na AMACR inaweza kuwaka kidogo. Kuna uvimbe adimu wa titi usio na ua kabisa na bado siyo kansa inayovamia. Kuna kansa ya titi ambayo ua bado umesimama lakini mbuzi wa ndani tayari wameugua. Hiyo ni kansa iliyo ndani ya mfereji, haijatoka, na ndiyo wakati mzuri zaidi wa kuikamata. Na kwenye tezi ya koo kuna uvimbe ambao alama kama HBME-1 na galektini-3 zinasaidia tu. Kinachoamua ni kama seli zimetoboa ganda la uvimbe au kuingia kwenye mishipa ya damu, na ili uone ganda lote lazima uvimbe wenyewe utolewe usomwe mzima.

Ndiyo maana rangi inasomwa na mtu, kwa kulinganisha na umbo, picha na historia ya mgonjwa. Na ndiyo maana maabara lazima ikaguliwe. Kati ya 1997 na 2005, kwenye mkoa wa Newfoundland nchini Kanada, mamia ya wagonjwa wa kansa ya titi walipewa majibu mabaya ya kipimo cha homoni. Wengine walinyimwa dawa ambayo ingewasaidia. Jaji Margaret Cameron aliongoza tume ya uchunguzi, ripoti ikatoka 2009. Kanada hiyo, nchi yenye pesa.

Lakini angalia vizuri kilichotokea pale. Kosa lilijulikana kwa sababu vipande vilikuwa vimehifadhiwa, na vingeweza kupakwa rangi upya. Kulikuwa na kitu cha kurudi kuangalia. Ewe wa chupa, ukikosea sisi tunarudi kuangalia nini? Video?

HESABU YA USHUHUDA

Sasa hii ndiyo biashara yenyewe, na nataka muielewe vizuri.

Chukua wasichana na akina mama wengi wenye uvimbe wa titi. Wengi wao hawana kansa. Fibroadenoma nyingine hunywea zenyewe. Mfuko wa maji unaweza kuja na kuondoka. Jipu hupasuka. Wapeleke wote kwa mwenye chupa. Miezi sita baadaye, wale ambao hawakuwa na kansa wengi wako sawa, na wangekuwa sawa hata wangekunywa chai. Hao ndio wanakaa kwenye kiti mbele ya kamera. Wale waliokuwa na kansa kweli hawarudi kurekodi. Wako nyumbani, titi limepasuka, na familia inaona haya kusema.

Kwa hiyo mwenye chupa anavuna wasio wagonjwa na kuzika wagonjwa kimya kimya. Wala hahitaji kuwa mwongo. Anaweza kuwa mtu mzuri kabisa, anayeamini dawa yake kwa moyo wote. Bila kipande hata yeye hawezi kujua amefanya nini.

Sina ugomvi na maziwa ya ngamia. Nimekulia nayo. Ni chakula, na wakati wa ukame ndiyo yanabaki. Lakini maziwa ya ngamia siyo darubini. Sina ugomvi na habasoda wala asali. Na mtu akiniambia kila ugonjwa una dawa, naamini pamoja naye. Ninachouliza ni, ugonjwa upi? Ukishaamini kila ugonjwa una dawa yake, basi kuujua ugonjwa ndiyo kazi ya kwanza. Huwezi kuruka hapo halafu ujiite mtu wa imani.

Kuna lingine nataka lifike kwa wazee wetu kwa heshima. Kuchoma uvimbe kwa chuma cha moto hakuuondoi. Kunaacha kidonda, kidonda kinaingia wadudu, na mtu akifika hospitali sasa kuna kovu, usaha na uvimbe, na ni vigumu zaidi kupata kipande kizuri.

"WAKIKATA INASAMBAA"

Hii sentensi imeua watu wengi kuliko nyoka. "Usikubali wakukate, kansa ikiguswa na chuma inasambaa."

Inatoka wapi? Inatoka kwenye mpangilio wa matukio. Mtu anakaa na uvimbe mwaka mzima, anajaribu kila kitu, anakuja kukatwa wakati kansa imeshafika kwenye mifupa. Anakufa miezi michache baadaye. Mtaa unaona kisu kwanza na kifo baadaye, unaunganisha. Haujaona ule mwaka mzima.

Kwa titi na tezi dume, hatari ya sindano ya kuchukua kipande kusambaza kansa ni ndogo mno. Hatari ya kutojua ni kubwa na tunaiona kila siku. Kuna aina chache za uvimbe ambapo daktari anachagua njia ya kupitisha sindano kwa uangalifu zaidi, na hiyo ni sababu ya kumwona daktari anayejua. Haiwezi kuwa sababu ya kukaa nyumbani.

SASA NYINYI WAKUBWA

Mlidhani nitawasema waganga tu na kuwaacha nyinyi? Hapana.

Watu wanakimbilia chupa kwa sababu chupa iko karibu. Kutoka Buna unaenda Wajir mjini, unashuka Habaswein, Modogashe, unafika Garissa. Kutoka Garissa bado kuna kama kilomita 370 kufika Nairobi, Mwingi na Thika njiani. Mgonjwa hasafiri peke yake. Hooyo anasafiri na binti wa kumhudumia, na kijana wa kuzungumza Kiswahili na manesi. Wanalala kwa jamaa Eastleigh mpaka jamaa anachoka. Haya yote wakati mwingine ni kwa ajili ya jibu la kipande, na wanarudi kabla jibu halijatoka.

Ninyi mnapenda mashine. Mwaka 2015 serikali ilianza kukodishia kaunti vifaa vya hospitali kwa mabilioni, na Seneti ilipochunguza, ripoti yake ya 2020 ikaeleza vifaa vilivyolala kwa kukosa wataalamu na umeme. Garissa sasa ina kituo cha kansa chenye mionzi, kama Nakuru na Mombasa. Hilo ni jambo kubwa na sitalidharau, kwa sababu zamani foleni ilikuwa Nairobi. Lakini mashine ya mionzi inauliza swali kabla ya kuwashwa: unachoma nini? Hakuna daktari wa kansa mwenye akili timamu atakayemchoma mtu kwa sababu ya neno uvimbe.

Na si mashine tu. Mwaka 2025 Wizara ya Afya, SHA na kampuni ya Roche zilitangaza kwamba kipindi kimoja cha Herceptin kitakuwa shilingi 40,000 na SHA italipa, mgonjwa asitoe kitu. Kila mtu alipiga makofi, hata mimi. Lakini Herceptin ni dawa ya kansa yenye HER2 tu. Mlango wa hiyo dawa ni ile rangi ya kahawia. Mama wa Bute au Gurar ambaye kipande chake hakijawahi kupakwa HER2, kwake hiyo dawa ya bure iko mbali kama mwezi.

Utepe wa mashine unakatwa mbele ya kamera. Chupa ya kingamwili ni ndogo, inakaa kwenye friji, haina utepe. Hakuna gavana atapiga picha nayo. Ndiyo maana inasahauliwa.

KIPANDE HAKILALI LOJING

Sasa mtasema: "Buna maji ni shida, wewe unaleta habari za kingamwili." Sawa, nijibu.

Siombi maabara ya alama ijengwe Buna. Siombi hata ijengwe Wajir kesho. Ninachosema ni kwamba mnasafirisha kitu kisicho sawa. Kipande kikiwekwa kwenye fomalini inayofaa, kinahifadhika bila barafu, hata kwa joto letu. Kikifika maabara kinawekwa kwenye mchemraba wa nta ya parafini, na huo mchemraba unaweza kukaa miaka na miaka na bado ukakatwa na kupakwa rangi upya. Kipande hakili. Hakilali lojing. Hakihitaji mtu wa kukitafsiria. Kinatoshea kwenye kichupa unachoweza kushika kwa vidole viwili. Mgonjwa abaki na watoto wake, kipande kiende.

Lakini kuna sharti. Kipande kinatakiwa kiingie kwenye fomalini haraka, ndani ya saa moja kwa kesi za titi, na kikae humo angalau saa 6 na kisizidi saa 72 kabla ya kutayarishwa. Kikiachwa kwenye sinia, au kikitiwa maji ya chumvi kwa sababu fomalini imeisha, protini zinaharibika. Halafu rangi inakosa kushika, na mtu anaandikiwa "HER2 hakuna" kumbe ilikuwepo. Saa 72 ni siku tatu. Kutoka Wajir mpaka Nairobi kwa basi hiyo inawezekana, kama kuna mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha inawezekana.

Kwa hiyo haya ndiyo madai, na siyo ya mwezini. Fomalini isikose Wajir wala Garissa, na mtu aliyefundishwa kuchukua kipande awepo. Kipande kiwe na gari na tarehe ya kujibiwa. SHA ilipe alama za msingi kama inavyolipa dawa, kwa sababu dawa bila alama ni kubahatisha. Na maabara inayosoma ikaguliwe kutoka nje, tusisubiri Newfoundland yetu.

Na mtu asiniambie wafugaji hawawezi kufuatiliwa, kwamba ukipeleka jibu utakuta wamehama. Hiyo hoja ilikufa Wajir miaka mingi kabla sijazaliwa. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, mwanamke Mwitaliano, alianza kusimamia pale Wajir matibabu ya TB kwa wahamaji. Watu waliweka makao yao karibu, wakameza dawa mbele ya macho ya mtu, wakakaa mpaka wakamaliza. Mahali hapo palijulikana kama TB Manyatta. Kila mtu alikuwa ameshasema wahamaji hawamalizi dawa. Walimaliza. Baadaye dunia nzima ilikuja kuhimiza dawa za TB zimezwe chini ya uangalizi. Tonelli aliuawa Borama mwaka 2003, lakini wazee wa Wajir bado wanajua jina lake.

Na hiyo ilikuwa kabla ya simu. Leo pesa ya M-Pesa inamkuta mtu kisimani akinywesha ngamia. Kama shilingi mia tano inaweza kumpata, jibu la kipande linaweza kumpata.

KAMA HII NI YAKO AU YA MTU WAKO

Mtu wa kwetu akiwa na uvimbe, wewe mwenye simu ndiye unayetumwa kuuliza. Basi uliza vizuri.

Uliza: kipande kitachukuliwa lini, na kwa sindano gani? Kitawekwa kwenye fomalini saa hiyo hiyo? Kinapelekwa maabara gani, na jibu litatoka lini? Jibu likisema "inatiliwa shaka" au "haijulikani", uliza kama kuna alama zinaweza kuongezwa kwenye kipande hicho hicho kabla ya kukubali upasuaji mkubwa. Kama ni kansa ya titi, uliza majibu ya homoni na HER2 kabla ya dawa kuanza. Kama shingo imevimba na mtu anameza dawa za TB bila uvimbe kupungua, rudi, uulize kama kipande kiliwahi kusomwa. Weka nakala ya ripoti. Na ujue mchemraba wa parafini uko mahali fulani na unaweza kuombwa kwa ajili ya maoni ya pili.

Na ukiona ile video tena, usitukane mtu. Yule mama pengine ana furaha ya kweli. Andika tu chini yake, kwa adabu: "Mashallah kwa afya yako, mama. Ripoti ya kipande ilisema nini?"

Watakublokia. Sawa. Mwingine ataliona swali kabla hawajalifuta.